Maswali ya Wasomaji: Mtego Hauchinji

Mwezi huu nimeweka kando maswali ya mirathi na talaka. Barua zilizonifikia kutoka Tandahimba, Ruangwa, Liwale na kwetu huku pwani ya Mtwara zinazungumzia jambo moja, nalo ni mitego. Nimezipanga pamoja kwa sababu jibu la moja linashika la mwenzake. Majina ya walioandika nimeyaacha kama walivyoniomba.

Assalaam alaykum Maalim. Mimi ni mkulima wa korosho na mihogo, Tandahimba. Nilitega waya pembezoni mwa shamba, na wakati wa kutega nilisema Bismillahi. Ijumaa nilichelewa kwa sababu ya swala, kisha kikao cha chama cha msingi. Nilipofika jioni nikamkuta sungura amenaswa shingoni, amekufa lakini bado wa moto. Nikamkata koo, damu ikatoka kidogo. Mke wangu akasema huyo ni mzoga, haingii chunguni kwake. Mimi nikasema Bismillahi ilishasomwa. Nyama tuliwapa mbwa wa jirani ili ubishi uishe, lakini haujaisha. Nani kati yetu yuko sahihi?

Wa alaykum salaam warahmatullahi, ndugu yangu. Mkeo yuko sahihi, na umshukuru kwa kukulinda tumbo.

Sungura mwenyewe ni halali. Anas bin Malik anasimulia kwamba walimkurupua sungura mmoja, wakamkimbiza, akamkamata yeye, Abu Talha akamchinja na kumpelekea Mtume, rehema na amani zimshukie, sehemu ya mapaja, naye akaipokea. Hadithi hiyo iko katika vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim. Angalia kwamba hapo katikati kuna neno "akamchinja". Mbio peke yake hazikutosha.

Sura ya al-Maida, aya ya 3, inawataja walioharamishwa mmoja mmoja: aliyekabwa akafa, aliyepigwa akafa, aliyeanguka kutoka juu, aliyepigwa pembe, na aliyeliwa na mnyama mkali. Kisha inafungua mlango mmoja: isipokuwa yule mliyemuwahi mkamchinja. Mnyama aliyenaswa shingoni na waya ndiye huyo aliyekabwa. Mlango uliobaki kwako ulikuwa ni kumuwahi.

Na kumuwahi maana yake nini? Joto la mwili si uhai. Hata chungu kilichoepuliwa kinabaki cha moto. Wanachuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wanataka mnyama akutwe na uhai uliotulia, si mtetemeko wa mwisho wa roho inayotoka. Ukiwa na shaka, tazama baada ya kisu: damu iruke kwa nguvu na mnyama ajitupe kwa nguvu. Damu iliyochuruzika kidogo kwa sungura aliyelegea inakwambia kwamba ulimkata maiti.

Sasa hiyo Bismillahi uliyoisoma wakati wa kutega. Najua unakoegemea. Wako wanachuoni, hasa wa madhehebu ya Hanbali, waliosema kwamba mtu akitega mundu au kisu, akataja jina la Mwenyezi Mungu, mnyama akapita akakatwa na makali, analiwa. Imamu Shafii hakukubali hata hilo, kwa sababu hakuna mtu aliyechinja. Lakini hata ukitaka kuwafuata hao waliolegeza, bado wanazungumzia makali yanayokata na kumwaga damu. Wewe ulitega tanzi. Tanzi halikati, linakaba.

Adi bin Hatim, mwindaji wa kabila la Tayyi na mtoto wa yule Hatim anayesifiwa kwa ukarimu, alimuuliza Mtume maswali mengi ya uwindaji. Aliuliza kuhusu mti unaorushwa kwa mnyama. Akajibiwa kwamba ukimpata kwa ncha, ale. Ukimpata kwa ubavu akafa, huyo amekufa kwa kipigo, asile. Akaambiwa pia kwamba akimpiga mnyama mshale kisha akamkuta majini, asile, kwa sababu hajui kilichomuua ni maji au mshale wake. Nawaomba wategaji wote wa Tandahimba waikariri hadithi hii ya maji. Usipojua kilichomtoa roho, mkono urudi nyuma.

Ubishi wako na mkeo umekwisha hapo. Lakini kuna jambo hukuliuliza, na ndilo lililoninyima usingizi niliposoma barua yako. Hukusema sungura yule alinaswa saa ngapi. Hukusema kwa sababu hujui. Huenda alinaswa ukiwa unatawadha, akapigana na waya wakati wa hotuba, na wakati wa kikao cha korosho, akafa muda mfupi kabla hujafika.

Babu yangu mzaa mama alikuwa mtegaji katika bonde la Ruvuma, chini ya Newala. Alitega kwa kamba, si kwa waya. Kila alipoweka mtego alifunga fundo kwenye kijikamba alichovaa kiunoni, na kila alipotegua alifungua fundo moja. Hakulala na fundo kiunoni hata siku moja. Ikitokea msiba kijijini au safari ya ghafla, kwanza anakwenda kutegua, ndipo anashika njia. Watu walimwona mzito, wakamwambia mitego ya wenzake inafanya kazi usiku kucha na yeye anapoteza. Alikuwa akiwaacha waseme.

Nilipokuwa na miaka kama kumi niliweka mtego wangu bila kumwambia, nikaenda kucheza, nikasahau. Siku ya tatu nikakumbuka. Nilimkuta kanga amenaswa mguu, amekufa, na siafu walikuwa wamefika kabla yangu. Nikamwita babu nikitarajia fimbo. Hakunipiga. Alinionyesha ardhi. Kuizunguka ile kamba palikuwa na duara iliyochimbika, safi, kama imefagiliwa. Akasema, "Hii ameichimba kwa kucha zake. Hesabu kinyesi, utajua alikaa siku ngapi." Nikahesabu. Leo nina wajukuu, na duara ile bado naiona.

Bukhari na Muslim wamepokea hadithi ya mwanamke aliyeingia motoni kwa ajili ya paka. Tunaisimulia sana kwa watoto madrasa, lakini watu wazima hatuisikilizi vizuri. Mwanamke yule hakumpiga paka wala hakumchoma. Alimfunga, hakumlisha, wala hakumwachia ale wadudu wa ardhini, mpaka akafa. Kosa lake lote limo katika kufunga na kuondoka. Sasa niambie, ndugu yangu, waya ulioachwa porini tangu alfajiri mpaka magharibi unafanya nini tofauti na hicho?

Kwa hiyo mtego hauwezi kukuchinjia, lakini unaweza kukuingiza kwenye deni. Ukiwa na nafasi ya kuutembelea asubuhi, adhuhuri na jioni, na kisu chako kimenolewa, hayo ni mazungumzo mengine. Ukiwa na safari, utegue. Na jua kwamba Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori, Na. 5 ya 2009, inakataza kuwinda wanyamapori kwa tanzi la waya bila kibali. Mtu asiniambie kwamba sheria ya serikali haihusiani na dini. Amri inayozuia madhara tumeamrishwa kuitii.

Shikamoo Maalim. Mimi ni mjane, nakaa kijiji kimoja cha Ruangwa. Mbuzi wangu jike alinaswa mguu kwenye waya uliotegwa kando ya njia tunayopitisha mifugo kwenda kunywa maji. Mguu umekatika mshipa, sasa anachechemea. Mwenye mtego namjua, ni mtu wa kuswali safu ya mbele. Anasema alitega paa, hakutega mbuzi, kwa hiyo hadaiwi. Ni kweli?

Marahaba mama yangu, na pole sana. Si kweli. Unadai.

Nia yake ya kumtega paa inamwondolea dhambi ya kukusudia kukuumiza, lakini haimwondolei dhamana ya kulipa. Mafakihi, wajuzi wa sheria za dini, wamelizungumza hili katika mlango wa kisima: mtu akichimba shimo kwenye njia ya watu, akatumbukia mtu au mnyama, aliyechimba analipa, ingawa hakuwepo na hakumsukuma yeyote. Waya kando ya njia ya mifugo ni shimo lile lile.

Malipo yake yanapimwa kwa kilichopungua katika thamani. Mwiteni mtu anayejua bei za mnadani. Mbuzi kama huyo akiwa mzima angeuzwa, tuseme, shilingi 120,000. Kwa hali yake ya sasa anauzwa 70,000. Basi deni ni 50,000, na mbuzi anabaki wako. Angekufa, ungedai thamani yake nzima.

Ingekuwa mtego uko ndani ya shamba lake mwenyewe, mizani ingebadilika, na lazima niliseme ili nisikupendelee. Ngamia wa al-Baraa bin Azib aliingia kwenye shamba la watu akaharibu. Mtume akahukumu kwamba wenye mashamba wayalinde mashamba yao mchana, na wenye mifugo wawajibike kwa kinachoharibiwa na mifugo yao usiku. Kwa hiyo mbuzi anayezurura usiku kwenye mihogo ya watu, mwenyewe ndiye mdaiwa. Lakini wewe mbuzi wako alikuwa njiani, mchana, akienda kunywa maji.

Tuma watu wawili wazima kwake, wa kwako mmoja na wa msikitini mmoja, wamsomee jibu hili. Usimfedheheshe mbele ya watu. Akikosa fedha taslimu, mpe muda mpaka auze ufuta. Akikataa kabisa, nenda baraza la kata ukiwa na hao hao mashahidi. Na huyo mbuzi, mama, kama kidonda kimeingia funza usimwache hivyo ukisubiri kesi. Mwite bwana mifugo kwanza.

Maalim, huku Liwale nguruwe wa porini wanatumalizia karanga na mihogo. Vijana wamenishauri nichimbe shimo niweke miti iliyochongwa ncha. Kwa kuwa nguruwe ni haramu, je, kuna dhambi akiteseka? Na nikimpata, naweza kumuuzia jirani asiye Mwislamu?

Nianze na la mwisho kwa kuwa ni jepesi. Huwezi kumuuza. Jabir bin Abdillahi alimsikia Mtume mwaka wa kufunguliwa Makka akisema kwamba Mwenyezi Mungu na Mtume wake wameharamisha kuuza pombe, mzoga, nguruwe na masanamu. Fedha yake usiitamani.

La kwanza ndilo lenye uzito, kwa sababu nimelisikia mara nyingi, hata kwa watu waliosoma: kwamba mnyama aliye haramu au najisi hana haki. Hebu tumtazame mbwa. Katika madhehebu yetu mbwa ni najisi nzito, chombo alicholamba kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Na mbwa huyo huyo ndiye aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, mtu akashuka kisimani, akajaza maji kiatu chake, akamnywesha, akasamehewa dhambi zake. Masahaba wakashangaa, wakauliza kama kweli tuna malipo kwa wanyama. Wakajibiwa kwamba katika kila kiumbe mwenye ini bichi, yaani aliye hai, mna malipo. Hakumtoa mbwa, wala hakumtoa nguruwe. Najisi inahusu nguo yako na chombo chako. Maumivu yanamhusu yeye.

Kulinda shamba lako ni haki yako, na mnyama anayekula jasho lako unaweza kumuua kama hakuna namna nyingine. Lakini Shaddad bin Aws amepokea, na iko kwa Muslim, kwamba Mwenyezi Mungu ameandika wema katika kila kitu: mkiua, ueni vizuri, na mkichinja, chinjeni vizuri. Shimo la miti yenye ncha si kuua vizuri. Nguruwe anatobolewa tumbo na kukaa humo akipiga kelele mpaka asubuhi, na wewe unasikia ukiwa kitandani. Kuna jingine pia: shimo halichagui. Mtoto anayepita kuokota kuni hasomi kwamba shimo ni la nguruwe.

Anza na jepesi. Jenga dungu, mpeane zamu na majirani, mlinde usiku kwa makopo na tochi, hasa karanga zinapokomaa. Weka uzio wa matawi ya miiba upande wanaoingilia. Peleka taarifa kwa afisa wanyamapori wa wilaya. Kazi yake ni pamoja na hiyo, na wakienda watu kumi wa kijiji anasikia kuliko akienda mmoja. Moto usiutumie hata kidogo, si kwa nguruwe wala kwa kufukuza panya vichakani kama ninavyoona kila kiangazi njia nzima kutoka Nachingwea. Mtume aliona kichuguu cha sisimizi kimechomwa na masahaba, akasema haimpasi yeyote kuadhibu kwa moto isipokuwa Mola wa moto. Na mikorosho inayoungua pamoja na hao panya ni mali ya watu.

Nyinyi wa Liwale mna amana zaidi yetu, kwa kuwa mnapakana na pori la Selous, ambalo sehemu yake kubwa imekuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere tangu 2019. Humo wamo mbwa mwitu ambao duniani wamebaki wachache. Waya uliotegewa nguruwe unamnasa mbwa mwitu vilevile. Qurani, sura ya al-Anam, aya ya 38, inasema hakuna mnyama katika ardhi wala ndege arukaye kwa mbawa zake mbili isipokuwa ni umma kama nyinyi.

Nina duka la nafaka Mtwara mjini. Gundi ya panya inafaa?

Panya ni katika wale watano walioruhusiwa kuuawa hata ndani ya eneo tukufu la Makka. Ruhusa ni ya kuua. Kwenye gundi panya hafi upesi. Anabanduka ngozi, anajitafuna mguu, anakufa kwa kiu, au anatupwa jalalani angali hai na ubao wake. Kwa maoni yangu usiitumie. Mtego wa kubana unaomaliza mara moja ni bora, na paka ni bora zaidi.

Assalaam alaykum Maalim. Mwanangu wa miaka tisa, hapa Mikindani, haachi manati. Siku hizi ametengeneza na ulimbo, ananasa ndege na kuwafungia kwenye tundu awauze. Nimchape?

Wa alaykum salaam, mama. Usimchape. Mkalishe umsimulie, kwa sababu umri huo anaelewa hadithi kuliko fimbo.

Mwambie kuhusu manati kwanza. Abdullahi bin Mughaffal alimwona mtu akirusha vijiwe, akamwambia kwamba Mtume amekataza hilo, kwa kuwa halipati windo wala halimshindi adui, ila linavunja jino na kupasua jicho. Kisha mwambie ndege aliyekufa kwa jiwe haliwi. Kapigwa, na tumeshayasoma ya al-Maida hapo juu. Kwa hiyo anaua asichoweza kula. Akiwa na wenzake wanaofunga ndege au kuku na kumfanya shabaha, hapo usilegeze: Ibn Umar alipita kwa vijana wa Kikureshi waliokuwa wakifanya hivyo, akasema Mwenyezi Mungu amemlaani mwenye kufanya hili.

Kuhusu tundu, dini haikumfungia mlango. Abu Umayr, mdogo wake Anas, alikuwa mtoto na alikuwa na kindege chake cha kuchezea. Kilipokufa, Mtume alimliwaza kwa kumuuliza, "Ewe Abu Umayr, kindege kimefanya nini?" Mwanao anaweza kuwa na ndege mmoja, amlishe, amnyweshe, amsafishie tundu kila siku, mbele ya macho yako. Ulimbo ndio uuchome leo. Unang'oa manyoya, na ndege akinasuka hawezi tena kuruka, anakuwa wa siafu na paka. Na makinda yasitolewe kiotani. Masahaba walichukua makinda mawili ya ndege mmoja safarini, mama yao akaja akitandaza mbawa juu yao. Mtume akauliza nani aliyemhuzunisha huyu kwa wanawe, akaamuru warudishiwe. Msimulie hiyo usiku, kisha muulize yeye mwenyewe afanye nini na hao walio kwenye tundu sasa.

Sisi wavuvi wa Msimbati tunatega madema. Upepo wa kusi ukikaza hatuwezi kuyafuata wiki nzima, samaki wanafia humo. Wanaliwa? Na tuna dhambi?

Bahari maji yake ni tohara na mfu wake ni halali, kwa hiyo mlango wa kuchinja haukuhusuni. Samaki asiyeoza na asiyedhuru, kuleni.

Dhambi haipo kwa upepo usiokuwa mikononi mwenu. Ipo kwa kujua kusi inakuja na kuacha madema chini kwa sababu ya uvivu wa kuyapandisha. Dema lililokatika kamba haliachi kutega. Samaki aliyefia ndani anakuwa chambo cha mwingine, na mwingine, miezi kwa miezi, bila mtu kula. Kila dema litieni boya, na mlango wake ufungeni kwa ukindu badala ya nailoni, ili likipotea kamba ioze na mlango ufunguke wenyewe. Na lile uliloniandikia kwamba lilikupotea mwaka jana upande wa mwamba, kama unakumbuka lilipo, lifuate siku za bamvua maji yakipwa sana, ulifungue.